Kupiga picha za abiria kituoni kwa nyeusi na nyeupe: anza na mwanga

Mwenzetu ameuliza kwa nini picha zake za abiria katika kituo cha treni hubaki kijivu kitupu anapoziondolea rangi. Abiria mwenye shati jekundu aliyesimama mbele ya tangazo la kijani hutofautiana nalo kwa rangi tu. Rangi ikiondoka, vyote viwili vinaweza kuwa kijivu kilekile. Kwa hiyo mimi huchagua mwanga kwanza, watu baadaye. Hutafuta mahali ambapo mwanga mkali unakutana na kivuli, kama ngazi zinazopanda kuelekea barabarani au ukingo wa paa la jukwaa, hupima mwanga kwenye sehemu inayong'aa ili isiungue (isigeuke nyeupe tupu), kisha husubiri abiria apite hapo mwenyewe. Anayetembea mwanga ukiwa nyuma yake hugeuka umbo jeusi lenye mipaka dhahiri, na mwendo wake, mkoba wake au namna anavyoinamia simu hueleza mengi hata kama uso hauonekani.

Kwa kuwa umati haungoji, huweka fokasi mapema. Lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisio kikubwa kama fremu ya filamu ya 35 mm), tundu la lenzi likiwa f/8, yaani dogo kiasi, na fokasi ya mita 3, huonyesha vizuri karibu kila kitu kati ya mita 2 na 7. Kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde hugandisha mtembeaji. 1/15, kamera ikiwa imeegemezwa kwenye nguzo, humwacha wazi abiria aliyesimama tuli huku mabehewa yakigeuka michirizi. Penye umeme wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo mistari ikitokea kwenye picha, jaribu 1/100 au 1/50. ISO 3200 (kiwango cha juu cha kamera kuhisi mwanga) isikutishe, kwani chembechembe inazoleta zinapendeza katika picha za aina hii. Fleshi usiitumie kabisa jukwaani: inaweza kumpofusha dereva wa treni inayoingia.

Mpiga picha Mmarekani Walker Evans alipiga picha za abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kati ya 1938 na 1941 kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, na kitabu cha picha hizo kikatoka 1966. Nazipenda mno nyuso zile, kwa sababu hakuna aliyejipanga kwa ajili ya kamera. Hata hivyo, kamera yangu huishika waziwazi, simpigi aliyelala, na mtu akiniashiria kwamba hataki, mimi huifuta picha yake mbele ya macho yake.