Bodi ya kulehemu: ya kahawia, ya kijani au ya mistari?

Kama unaishi Unguja au Pemba na unapenda kuunda saketi zako mwenyewe, bodi ya kahawia ya bei rahisi (bodi hizi ni vibao vya matundu vya kulehemu vifaa) iache kwa majaribio. Kitu kitakachokaa ukutani kwa miaka, mfano kengele ya kukujulisha kuwa tangi la maji limejaa, kitafutie bodi ya kijani ya faibaglasi.

Hiyo ya kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa kwa resini. Inakatika kirahisi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Shaba yake iko upande mmoja tu: kila tundu lina kijiduara kilichobandikwa kwa gundi. Ukilehemu mara moja ukaacha, haina neno. Lakini sisi wa kujifunza hatuachi! Leo unatoa rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme), kesho unaibadilisha. Chuma cha kulehemu kikikawia hapo, kijiduara kinabanduka kama gamba la samaki na kuondoka na mguu wa rezista. Halafu kuna hewa yetu ya chumvi. Bodi yenye shaba tupu ikikaa wazi inafifia, na risasi ya kulehemu inakataa kushika; inajikunja kuwa tone tu. Itabidi uisugue kwa msasa laini, uifute kwa spiriti, upake fluksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), ndipo uanze kazi.

Ya kijani nzuri ina shaba pande zote mbili, imepakwa bati, na matundu yake yana metali mpaka ndani. Risasi inazama tunduni na kushika juu na chini. Kwa risasi ya 60/40 (yaani bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40), chuma chenye joto la nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi kinatosha. Ubaya wake ni wakati wa kung'oa kifaa: bila kifyonza risasi utateseka. Na ukiikata kwa msumeno, ilowanishe na ufunike pua, vumbi la faibaglasi si la kuvuta.

Ya mistari, wengi huiita vero, matundu yake yameunganishwa kwa mistari ya shaba. Mimi naipenda kwa saketi zenye aisii (IC, kijisanduku chenye saketi ndogo ndani na miguu pande mbili), maana inapunguza waya. Ila lazima ukate mistari chini ya aisii, la sivyo miguu inayotazamana itaungana. Chukua ncha ya keekee ya milimita 4, izungushe kwa mkono juu ya tundu mpaka shaba iishe, kisha pima kwa mita ya umeme kama kweli imekatika. Mara nyingi hubaki unywele wa shaba ambao jicho halioni. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usiupitishe humo kabisa. Nafasi kati ya mstari na mstari haifiki hata milimita moja.

Ukienda dukani, iwe Darajani au Chake Chake, nenda na aisii ya miguu minane mfukoni uipachike palepale. Matundu ya kawaida yameachana milimita 2.54. Igeuze bodi pia uangalie rangi ya shaba: ikiwa imeshapiga weusi, mwachie mwenyewe.

Ukimaliza kulehemu, osha fluksi kwa spiriti, iache ikauke vizuri, kisha paka vanishi isiyo na rangi. Swichi na soketi zifunike kwa tepu kwanza, vanishi isije ikaingia ndani yake.