Usichome madaftari ya makusanyo

Mwaka wa kwanza tulipopima wenyewe mashamba ya wanachama, mashamba arobaini na mawili yalihamia Algeria.

Si mafumbo. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS ya kahawa, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Tulipima kwa simu, tukajaza jedwali kwenye kompyuta, tukalituma kwa mnunuzi. Siku ya tatu kijana wa ofisi yao akapiga simu huku akijizuia kucheka: "Katibu, siku hizi mnalima jangwani?" Sisi tuko kama nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta na nyuzi 31 mashariki. Mwingizaji wetu alitanguliza mashariki mahali palipotakiwa kusini, basi vibanja vya watu vikaangukia Sahara. Vingine vilisahauliwa alama ya kutoa, vikaruka ikweta hadi Uganda, kando ya Ziwa Albert. Tulicheka sana siku ile. Kicheko kiliisha tulipoambiwa kwamba kwenye mfumo wao gunia linalotoka jangwani ni gunia la uongo. Mzigo ulilala ghalani wiki tatu, na wanachama wakawa wananipita barabarani bila salamu.

Nawaandikia makatibu na wenyeviti wenzangu, na yeyote mwenye bidhaa inayoliwa au kunywewa mbali na kwao. Nikiwa semina nilizoea kusikia habari za teknolojia siku ya Jumatatu, mazingira Jumanne, soko la dunia Jumatano, kana kwamba ni wageni watatu tofauti. Ofisini kwangu waliingia pamoja, kupitia mlango mmoja, na wote walikuwa wanauliza kitu kile kile: kumbukumbu zenu ziko wapi?

Kinachowasukuma kuuliza ni kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, wengi wetu tunaiita EUDR. Ilipitishwa 2023. Inagusa bidhaa saba: kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe, pamoja na vinavyotengenezwa kutokana nazo. Anayeingiza kahawa Ulaya lazima aonyeshe ilikolimwa, shamba kwa shamba, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba limelimwa kwa kufuata sheria za nchi yake. Ilikuwa ianze kutekelezwa mwishoni mwa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, ikasogezwa tena. Kila iliposogezwa, kuna viongozi wa vyama walioshangilia na kufungia simu za kupimia kabatini. Wanunuzi hawakufunga chochote. Walishaweka fedha kwenye mifumo yao, na waliendelea kutuuliza pointi, yaani namba za GPS za mahali shamba lilipo, kana kwamba tarehe haikubadilika. Kwa hiyo tarehe za Brussels zifuate kwenye habari, lakini ratiba yako ipange kwa maswali ya mnunuzi. Na usidhani cheti cha kilimo hai au cha biashara ya haki kinakuvusha. Kinasaidia, ila hakichukui nafasi ya pointi.

Sasa kupima. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari kumi, linatosha kwa pointi moja tu. Likizidi hapo ndipo unatakiwa kuzunguka mpaka wote. Huku kwetu wenye zaidi ya hekta 4 za kahawa nawahesabu kwa vidole, lakini kijana wa kwanza aliyekuja kutufundisha alituzungusha mipaka ya vibanja vyote, mvua inanyesha, mpaka nilipoisoma kanuni mwenyewe. Soma mwenyewe. Kuzunguka mpaka si kosa, kunasaidia kujua ukubwa na kukadiria mavuno. Kosa ni kuambiwa ni lazima na kutozwa kwa ulazima huo.

Kanuni inataka tarakimu sita baada ya nukta. Ile ya sita ni kama upana wa kiganja. Simu ya kawaida chini ya migomba inakosea kwa urefu wa nyumba! Nisingehangaika na hilo, ila nawaambia vijana wasimame katikati ya kibanja, pale mbingu inapoonekana, wasubiri dakika mbili namba zitulie ndipo wahifadhi. Na kompyuta ikikata tarakimu mbili za mwisho kwa sababu safu ni nyembamba, mfumo wa mnunuzi unakataa. Haya ni mambo madogo ya kipuuzi, na ndiyo yaliyotugharimu zile wiki tatu.

Kubwa zaidi lilikuwa msitu. Anayejua kibanja cha Kagera anajua kilivyo: migomba, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na juu kabisa mihumula na miti mingine ya kivuli aliyoiacha babu. Setilaiti inatazama kutoka juu. Inaona kivuli tu. Kwenye ramani ya misitu ya mwaka 2020 iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, baadhi ya vibanja vyetu vilipakwa kijani. Msitu. Mzee mmoja, mwanachama tangu enzi za Mwalimu, aliletewa habari kwamba kahawa yake ni ya msituni. Akaniuliza, "Mwanangu, huo msitu ulioota chumbani kwangu, mimi nalala wapi?"

Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Usikate. Ramani ile si hukumu, ni kielelezo tu, na kanuni yenyewe inasema msitu ni eneo lenye zaidi ya nusu hekta, miti mirefu kuliko mita 5, kivuli cha zaidi ya asilimia 10, lakini siyo ardhi inayotumika hasa kwa kilimo. Kilimo mseto cha miti na mazao kinahesabiwa kilimo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni ushahidi kwamba hapo palikuwa shamba kabla ya mwisho wa 2020. Ushahidi tuliupata wapi? Kwenye stoo, chini ya magunia yaliyotoboka, kulikuwa na madaftari ya makusanyo tangu miaka ya 1990. Jina, kijiji, tarehe, kilo za maganda, saini au dole gumba. Panya walishaanza kuyala. Mtangulizi wangu aliwahi kupendekeza tuyachome tupate nafasi ya mbolea, na mimi, nakiri, niliunga mkono. Kilichoyaokoa ni uvivu wetu.

Tuliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, tukaunganisha kila jina na pointi yake, tukaongeza picha za mibuni zilizopigwa kutoka chini ya kivuli. Mbuni wenye shina la unene wa paja haukupandwa juzi. Mnunuzi akayakubali, na mzee akauza.

Suala ambalo ningependa ulisome mara mbili ni hili la nani anabaki na taarifa. Mnunuzi wetu wa kwanza alipima bure. Alikuja na vijana wake na vishikwambi vyake, tukawapikia, tukashukuru. Msimu uliofuata tulipata mnunuzi mwingine mwenye masharti mazuri zaidi. Naye akataka pointi. Tulipomwomba yule wa kwanza, jibu likawa kwamba taarifa ni mali ya kampuni. Vibanja ni vyetu, jasho ni letu, lakini mahali vilipo si petu! Kumbe bure ile ilikuwa kamba ya kutufungia. Tulirudia kupima upya kwa fedha ya chama, kwa vijana wanne wa vijijini humu humu.

Siku hizi mtu akija kupima, kabla hajavuka mfereji tunasaini karatasi: nakala kamili inabaki kwa chama ndani ya siku 14, kwa faili linalofunguka kwenye programu yoyote, na hatampa mtu mwingine bila idhini yetu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina la mtu, namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na mahali pa nyumba yake vikikaa kwenye mstari mmoja, hizo ni taarifa binafsi, na mwenyewe anatakiwa aelezwe zinaenda wapi. Mwambie hivyo mwanachama kwa lugha yake. Wazee wa Kagera wana sababu ya kuogopa vipimo. Wapo wanaokumbuka simulizi za nyarubanja, ule utaratibu wa kulima ardhi ya bwana na kumlipa, uliofutwa miaka ya 1960. "Mwaka huu mnapima, mwakani mnagawa," aliniambia bibi mmoja, akafunga geti. Sikumlazimisha. Nilirudi mara tatu, mara ya tatu nikiwa na ramani ya kibanja chake mwenyewe niliyochora kwa mkono, nikaomba anisahihishe. Alinisahihisha kweli, mpaka wa upande wa mashariki nilikuwa nimeukosea.

Majina nayo yatakutesa. Mtu ana jina moja kwenye daftari, lingine NIDA, na simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa mjukuu aliye Mwanza. Mume alifariki, kibanja bado kinasoma jina lake, mjane ndiye anayevuna. Anza usafi huo miezi mitatu kabla ya msimu, usisubiri foleni ya mizani.

Kuhusu bei sitasema mengi. Robusta yetu inatazama soko la London, na 2024 ukame wa Vietnam uliisukuma ikapita dola 5,000 kwa tani. Mkulima wangu aliiona kwenye simu kabla yangu. Wazee wanakumbuka upande wa pili, 1989, mkataba wa dunia wa mgao wa kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Baba yangu aliacha kupalilia. Bei ikipanda, butura inarudi, wakulima wanauza kahawa ikiwa bado maua, na magunia yanavuka mpaka wa Mutukula usiku kwenda au kutoka Uganda. Zamani tulilaani tu. Sasa gunia moja lisilo na pointi likichanganywa ndani ya shehena linaiharibu yote, kwa sababu kanuni hairuhusu kuchanganya kinachojulikana na kisichojulikana. Nilimkatalia binamu yangu magunia sita kwa sababu hiyo. Hakuja kwenye kipaimara cha mwanangu.

Msimu unakaribia. Vimebaki vibanja kumi na tisa kwenye kitongoji cha bondeni, na yule bibi wa geti amejitolea kutembea na vijana, kwa sababu, anasema, wao hawajui mpaka wa mtu. Juzi nimenunua kabati la chuma kwa ajili ya madaftari. Panya wamebaki na magunia.