Tazama maji kwanza

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama uache wodi ukasomee uzamivu wa virusi kama mimi. Nimesoma swali lako mara tatu, na kila mara linanirudisha kwenye ile likizo nilipowaacha na baba yenu wiki nzima. Hamkuwahi kuambiwa nilikuwa nafanya nini maabara.

Nilikuwa narudia kipimo. Makala yangu kuhusu kirusi cha surua ilikuwa imekwisha kukubaliwa, jarida likingoja picha moja tu. Katika kila kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba vya kirusi hadi vionekane kama mstari kwenye jeli, tunaweka tyubu moja ya maji matupu, isiyo na sampuli. Maji yakionyesha mstari kwenye jeli, kuna uchafu umeingia mahali, na matokeo yote hayaaminiki. Mwanafunzi wangu wa uzamili akasema taratibu, "Mwalimu, maji yana mstari." Nikamwambia ni kivuli. Kivuli! Siku tatu baadaye nikarudia peke yangu, usiku, na maji yakaonyesha mstari uleule. Miaka miwili ya kazi ikaishia hapo. Makala niliiondoa mwenyewe, lakini sijui niondoe vipi kule kumnyamazisha yule binti mbele ya wenzake. Ndiyo maana kila ulipoleta habari nyumbani nilikuuliza: umetazama maji?

Utasema sijakujibu. Ni kweli. Wodini unamwona mtoto mwenye surua akipata nafuu, mama yake anakushika mkono. Mimi sikulipata hilo hata siku moja. Lakini nakumbuka mwaka 2011, sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipotangazwa kutokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Kirusi chake ni ndugu wa kile cha surua. Chanjo nzuri ilikuwapo tangu miaka ya 1960, na wengi walioihangaikia hawakuiona siku hiyo. Nililia pale mezani, mkadhani nimefiwa. Na sotoka sikuwahi kuigusa, niliifundisha tu! Je, machozi yale yanafidia miaka yote? Siku nyingine naona yanafidia. Jana sikuona hivyo. Leo asubuhi naona tena.

Jibu ninalo, na baba yako analijua. Ameniomba nisikuandikie. Nimeliandika mara mbili nikalifuta, na mkono bado unaniwasha. Kwanza tazama maji. Siku ile nesi alipokwambia dozi yako imezidi, mbele ya wagonjwa, ulimjibu nini?

Mama yako