Kichwa kipi cha risasi kwa .223? Niliyojifunza kwa kindi wa ardhini na koyoti

Vijana wetu waliohamia majimbo ya katikati ya Marekani wameanza kushika leseni za uwindaji, na swali wanaloniuliza mara nyingi kuliko yote ni hili: nina bunduki ya .223 Remington (hilo ni jina la saizi ya risasi inayoila), ninunue risasi gani? Mimi ni mtu wa Singida, niliyekulia kwenye manati na kware, lakini kwa miaka kumi na moja sasa nawinda magharibi mwa South Dakota, kwenye ranchi ya mzee mmoja aliyeniruhusu kuingia kwake. Huko kuna wanyama wawili ninaowafuata. Wa kwanza ni prairie dog, kindi wa ardhini mwenye uzito wa kilo moja hivi, anayechimba mashimo hadi malisho yote yanakuwa kama chujio. Wa pili ni koyoti, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, ambaye majira ya kuzaa ng'ombe huwa anazungukazunguka karibu na ndama.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili kinaita risasi madini, kinaita risasi kile kinachoruka, na kinaita risasi kile kitu kizima unachopakia. Hapa nitasema kichwa kwa kile kinachoruka, ganda kwa kile kinachobaki mkononi, madini nitayaita madini ya risasi, na neno risasi peke yake ni kile kitu kizima. Kichwa cha .223 kina kipenyo cha inchi 0.224, yaani milimita 5.7. Uzito wake hupimwa kwa greini, na greini 55 ni kama gramu tatu na nusu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kasi. Boksi la greini 40 lilikuwa limeandikwa futi 3,800 kwa sekunde, karibu mita 1,160, na mimi nikaona hiyo ndiyo sababu tosha. Vichwa vya namna hii vina ncha ya plastiki, ngozi nyembamba ya shaba na madini laini ya risasi ndani. Kila kampuni ina yake: Hornady wana V-Max yenye ncha nyekundu, Nosler wana Ballistic Tip, Sierra wana BlitzKing yenye ncha ya kijani. Ncha ile inapogonga hurudi nyuma kama kabari na kukipasua kichwa vipandevipande. Ndani ya mita 150, siku isiyo na upepo, greini 40 ni raha tupu. Kindi anadondoka palepale, hata hajui kilichompata.

Lakini South Dakota siku isiyo na upepo ni ya kuhesabu. Nilipoanza kupiga mbali nilikosa mfululizo, nikailaumu darubini, nikailaumu bunduki. Jioni moja nikaketi na kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kutoa hela. Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni, na umbali wa yadi 300, ambazo ni mita 274. V-Max ya greini 40 inayotoka kwa futi 3,800 inasukumwa pembeni karibu sentimita 29. Ile ya greini 55 inayotoka kwa futi 3,240, ambayo kwenye boksi inaonekana ya polepole, inasukumwa sentimita 27 hivi. Ya greini 53, ambayo imechongwa ndefu na nyembamba mbele, ikitoka kwa futi 3,465 inasukumwa kama sentimita 21 tu. Kindi akisimama, mwili wake si mpana kuliko kiganja changu. Sentimita nane ndizo tofauti kati ya kumpiga kifuani na kumrushia mchanga.

Kwa hiyo kasi ya mwanzo isikudanganye. Angalia namba inayoonyesha jinsi kichwa kinavyokata hewa (kwa Kiingereza ballistic coefficient, au BC), ambayo watengenezaji huichapisha kwenye boksi au kwenye orodha zao. Greini 40 ina 0.200, greini 55 ina 0.255, na ile ya 53 ina 0.290. Namba ikiwa kubwa, upepo unakusumbua kidogo.

Baada ya hapo bunduki yenyewe nayo ina neno la kusema. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda inayokizungusha kichwa ili kisiyumbe hewani. Mtutu wa bunduki za zamani za .223 mara nyingi hukizungusha mara moja kwa kila inchi 12, wa kwangu kwa kila inchi 9, na za siku hizi nyingi kwa inchi 8 au 7. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka, ndiyo maana vile vya greini 77 havifai kabisa kwenye mtutu wa 12. Upande wa pili, kichwa chepesi chenye ngozi nyembamba kikitoka kwa futi 3,800 kwenye mtutu wa 7 kinazunguka karibu mara 390,000 kwa dakika. Kuna vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya risasi za polepole, na vikizungushwa hivyo vinaweza kupasuka hewani kabla ya kufika. Unaona ukungu mdogo wa kijivu, na kwenye karatasi hakuna tundu.

Hujui mtutu wako? Hakikisha bunduki haina risasi, chukua fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, ifunge kitambaa kinachobana, iingize, weka alama kwenye fimbo, kisha sukuma taratibu hadi alama imalize mzunguko mmoja. Pima urefu ulioingia. Ni kazi ya dakika tano.

Kisha nenda uwanjani na aina nne au tano, boksi mojamoja. Utotoni tulikuwa tunajua kwamba kila manati ina kijiwe chake. Mwenzako akikupa vijiwe vyake vizuri vinaweza kukataa kwenye ngozi yako, na mtutu ni vilevile. Mimi hupiga matundu matano kwa yadi 100, nauacha mtutu upoe hadi niweze kuushika bila kusita, narudia tena matano. Matundu matatu hayatoshi, yanabahatisha. Kwenye bunduki yangu greini 40 zilitawanyika kama sentimita tatu na nusu, greini 55 za ncha ya plastiki mbili na kidogo, greini 53 chini ya mbili. Zilizozishinda zote zilikuwa za mashindano ya kulenga shabaha, zenye kitundu kidogo mbele: sentimita moja na robo. Matundu yalikuwa yameshikana kama ua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilimchukulia koyoti risasi zile za mashindano, kwa sababu zilikuwa sahihi kuliko zote. Ilikuwa Januari, theluji ya kufika vifundoni. Akaja kwenye mluzi wangu hadi mita 140, akasimama ubavu, nikamlenga nyuma ya bega na nikapiga palepale. Akaruka, akakimbia. Kichwa kilikuwa kimepita kama sindano bila kufunguka. Nilifuata damu kidogokidogo kwa saa mbili na zaidi, giza likaingia, na nilimkuta kesho yake asubuhi kwenye korongo. Alikuwa ameteseka usiku kucha kwa ajili ya uchaguzi wangu. Watengenezaji wa vichwa vya mashindano wenyewe husema si vya kuwindia, na mimi nilikuwa nimesoma maneno hayo nikayapita.

Zile greini 40 nazo si za koyoti, kwa sababu iliyo kinyume. Zinapasuka mapema mno. Zikigonga mfupa wa bega zinaweza kuchimba jeraha pana juujuu bila kufika kwenye mapafu, na mnyama anaondoka. Kwa mnyama wa kilo 10 hadi 20 mimi sasa natumia greini 53 au 55, naepuka bega, na sipigi mbali kuliko mita 200. Kama unataka kuuza ngozi, jeraha la upande kichwa kinakotokea nalo huwa dogo zaidi kuliko unavyodhani, mara nyingine halipo.

Usinunue vile vichwa vya kijeshi vilivyofunikwa ngozi ya shaba pande zote kwa sababu tu ni vya bei rahisi. Vinapita bila kufunguka na vinaruka ovyo vikigonga ardhi kavu ya Julai, na kwenye ranchi kuna ng'ombe, kuna nyumba, kuna watu juu ya farasi. Hata kwa ncha ya plastiki sipigi bila kilima au udongo nyuma ya mnyama.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawataki kulisikia. Kichwa kinachopasuka kinaacha chembe za madini ya risasi ndani ya mzoga, na mzoga wa kindi haulali. Tai, mwewe, na wale bundi wanaoishi kwenye mashimo yale, wote wanaushukia. Madini hayo ni sumu kwao. California ilipiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. South Dakota hailazimishi hivyo, lakini mimi nimehama mwenyewe kwa sehemu kubwa ya kazi ya kindi. Barnes wana Varmint Grenade ya greini 36, yenye unga wa shaba na bati ndani, na Hornady wana NTX ya greini 35. Ni nyepesi, kwa hiyo upepo unazichezea, na bei inauma. Nazitumia ndani ya mita 150, na kwa umbali huo sijaona kindi aliyelalamika kwa tofauti.

Uliza pia ardhi ni ya nani. Conata Basin, eneo la nyasi la serikali hukohuko South Dakota, limefungwa kwa upigaji wa kindi kwa ajili ya feriti mwenye miguu myeusi, mnyama mdogo mwembamba kama nguchiro anayewala kindi hao, mnyama aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena Meeteetse, Wyoming, mwaka 1981.

Kwenye begi langu leo kuna maboksi mawili, moja lina mkanda mwekundu na lingine wa kijani, na kila moja lina karatasi yake ya urekebishaji wa darubini iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Naingia shambani na boksi moja tu mfukoni, lile la mnyama wa siku hiyo. Jingine linabaki garini.