Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mdogo, Berlin, na Makaratasi ya Mwanzo

Mume wangu ni muuguzi Berlin. Mimi na binti yetu wa miaka miwili na nusu tumemfuata kutoka Tanga wiki iliyopita. Mmoja anatuambia tuanze na bima, mwingine Kita (kituo cha kulelea watoto wadogo), mwingine pesa za mtoto. Kipi kinatangulia?
*Mama wa Binti, Wedding*

Karibu dada, na pole kwa safari. Kinachotangulia ni anwani. Ndani ya siku 14 tangu kuingia kwenye nyumba, wewe na binti mnatakiwa kuandikishwa Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma kwa wakazi. Mumeo alikwisha kujiandikisha, lakini jina lake haliwafuniki ninyi. Bürgeramt yoyote ya Berlin inakubalika, hata ya mtaa mwingine, kwa hiyo usisubiri miadi ya Wedding ikiwa Spandau wana nafasi kesho.

Bebeni pasipoti, cheti cha ndoa, na cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa vizazi na vifo wa Tanzania) pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya mfasiri aliyeapishwa. Halafu kuna fomu moja inayowarudisha watu mlangoni kila siku: Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba mmehamia kwake. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake.

Mkitoka hapo, bandikeni majina yenu yote kwenye sanduku la barua. Tarishi wa hapa hamjui mtu kwa sura wala haulizi jirani. Asipoliona jina, barua inarudi ilikotoka. Na barua mnayoingoja ni nzito: namba ya kodi ya mtoto, ambayo huja kwa posta baada ya wiki mbili tatu. Bila namba hiyo ombi la Kindergeld, yaani pesa za mtoto, kule Familienkasse, ofisi inayozilipa, hukwama. Pesa hiyo ni euro 259 kwa mwezi kwa kila mtoto tangu Januari 2026 (mwaka 2025 ilikuwa 255). Mwenye kibali cha kazi kama mumeo huipata, lakini ukichelewa kuomba, unalipwa miezi sita tu ya nyuma. Iliyozidi hapo imekwenda.

Bima ni nyepesi: ikiwa mumeo yuko kwenye mfuko wa bima ya umma na wewe bado huna kipato, anajaza fomu ya familia na mnaingia wote bila mchango wa ziada.

Mwanangu ana miaka miwili. Nimepata nafasi Kita kuanzia tarehe mosi, na siku hiyohiyo ndiyo naanza kazi. Wamesema nilete kadi ya chanjo na niwe huru wiki kadhaa. Wiki kadhaa za nini?
*Baba Mdogo wa Nyeri, Neukölln*

Kaka, ongea na mwajiri leo, asogeze tarehe yako. Hapa mtoto haachwi mlangoni siku ya kwanza. Kuna kipindi cha kumzoesha, na Kita nyingi hufuata utaratibu unaojulikana kama mtindo wa Berlin. Siku tatu za mwanzo unakaa naye kama saa moja kila siku kisha mnaondoka pamoja. Wewe unakaa pembeni, kimya, bila kumsukuma akacheze wala kumwita. Kazi yako ni kuwa kituo anachorudi akiogopa. Siku ya nne unamuaga na kutoka chumbani, kwa muda usiozidi nusu saa. Akilia na mlezi akashindwa kumtuliza, unaitwa mara moja, na jaribio la pili linasogezwa hadi wiki ya pili. Kama siku ya nne imeangukia Jumatatu, wanangoja Jumanne, maana wikendi humrudisha mtoto nyuma.

Kwa jumla hesabu wiki mbili hadi nne. Zinazidi pale mzazi anapotoroka mtoto akiwa amegeuka. Anajiona amemwepusha na kilio, kumbe amemfundisha kwamba hapa watu hupotea ghafla, na kesho yake mtoto hakubali hata kuachia suruali. Muage, hata akilia. Tatizo lingine ni kubadilishana, leo baba kesho mama. Mzazi mmoja amalize kipindi chote.

Kuhusu kadi: tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria inaikataza Kita kumpokea mtoto asiye na uthibitisho wa kinga ya surua. Aliyetimiza mwaka anahitaji dozi moja, aliyetimiza miwili anahitaji mbili. Kijitabu cha kliniki cha Kenya kina surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18, kwa hiyo akiwa nazo zote mbili, zikiwa na tarehe na muhuri, upande wa surua umetimia. Daktari wa watoto ataona kwamba matumbwitumbwi hayamo, kwa kuwa sindano ya hapa hujumuisha magonjwa matatu, naye atapanga kuongeza. Kijitabu kisibaki kwa bibi Nyeri.

Na usiisahau hati ya Kita-Gutschein, yaani vocha ya nafasi ya Kita. Huombwa Jugendamt (ofisi ya watoto na vijana) ya wilaya yako, mapema kabisa miezi 9 na si chini ya miezi 2 kabla ya kuanza. Ada yenyewe Berlin haipo tangu Agosti 2018. Chakula ni euro 23 kwa mwezi.

Baridi inakuja. Tunamvalisha mtoto koti nene mno na bado mlezi analalamika. Kosa liko wapi?
*Wazazi wa Moabit*

Koti moja nene linamtoa jasho, na jasho likipoa ndilo linalomtetemesha. Mvalisheni kwa tabaka: fulana ya kubana mwili, sweta, kisha juu kitu kisichopitisha maji. Mlezi hasa anataka suruali ya mpira ya matope, kwa sababu watoto hutolewa nje hata mvua ikinyesha. Skafu ndefu iacheni nyumbani, hunasa kwenye vyuma vya kupandia. Nunueni ya mviringo inayovaliwa kichwani. Viatu viwe na nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya vidole, kwani soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzidisha baridi. Andikeni jina kwenye kila kitu. Vyote hivi vinapatikana mtumbani, na mitumba ya watoto huku ni mizuri kweli.

Ndani ya gari, vueni koti kabla ya kufunga mikanda ya kiti cha mtoto, kisha mfunikeni nalo kwa juu. Likibaki chini ya mkanda, mkanda unalegea wakati wa ajali.

Mlezi anasema mwanetu wa miaka mitatu haongei Kita. Tuache Kiswahili nyumbani?
*Mama wa Bukavu, Lichtenberg*

Hapana, mama. Watoto wengi husikiliza miezi kadhaa kabla ya kufungua kinywa kwa lugha mpya, na Kijerumani cha kubahatisha cha wazazi hakiharakishi lolote. Msomeeni na kumwimbia kwa Kiswahili chenu. Ila kama hata nyumbani amenyamaza, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, mpelekeni kwa daktari wa watoto apimwe masikio. Uchunguzi wa kawaida wa afya na ukuaji wa mtoto uitwao U7a hufanywa kati ya mwezi wa 34 na wa 36. Kama umri wake umepita hapo, ombeni miadi ya kawaida badala ya kungoja uchunguzi unaofuata, U8, wa mwezi wa 46.