Kabla ya kununua maiki

Mwanangu Nekesa,

Salamu kutoka Webuye, sote tu wazima. Umeniuliza ni maikrofoni gani uwanunulie wanafunzi wako wa klabu ya uanahabari kwa zile elfu 15 mlizopewa na shule, maana vipindi vyao vinasikika kana kwamba wamefungiwa ndani ya tangi.

Usinunue maiki bado. Mwangwi huo unatoka darasani: kuta za plasta, sakafu ya saruji, vioo. Sauti hugonga huko na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, na maiki hunasa zote mbili. Maiki ya kondensa, ile nyepesi kuhisi sauti na ya bei ambayo wenzako wanaisifu, itaunasa mwangwi vizuri zaidi. Nao ukishaingia kwenye rekodi, programu za kuusafisha huacha sauti ikiyumbayumba.

Hamieni stoo ya vitabu, au bwenini mchana wakati hamna mtu. Piga kofi moja tu katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, tafuteni kwingine. Blanketi nzito au godoro likae nyuma ya msomaji. Wengi huliweka nyuma ya maiki, wakisahau kwamba maiki nyingi za kusomea hunasa zaidi upande wa mbele, yaani msomaji pamoja na ukuta ulio mgongoni pake. Na kwa kuwa mko Kakamega, rekodini Jumamosi asubuhi. Mvua ya huko hupenda alasiri, na chini ya mabati hakuna kipindi kitakachosikika.

Kinywa na maiki viachane shibiri moja. Umbali ukizidishwa mara mbili, sauti ya msomaji hupungua kwa takriban desibeli 6 lakini mwangwi wa chumba haupungui, ndiyo maana wanaosoma wakiwa wameegemea kiti husikika wako mbali. Maiki isogezwe pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" ipite bila kuipiga.

Kwa sasa simu yako inatosha, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Iweke katika hali ya ndege. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kilohezi 44.1, mono (mkondo mmoja wa sauti), kila dakika itakula kama megabaiti 5. Vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -12. Vikigonga 0, ndio mwisho wa kipimo cha kurekodia, hukatwa, na hakuna uhariri utakaovirudisha. Hapa watoto huharibu kwa njia moja: wakati wa kujaribu wanasema "haloo, moja, mbili" kwa upole, kipindi kikianza wanapaza kama wako gwarideni. Mwambie msomaji ajaribu kwa kusoma aya yake ya kwanza kwa nguvu zile zile atakazotumia. Kisha rekodini nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Utaihitaji kuziba mapengo ya uhariri, kwa sababu ukimya mtupu husikika kama mtambo umezimika.

Katika mahojiano, mwanahabari ndiye hushika maiki, asimpe mgeni kamwe. Aanze kwa kumwomba ataje jina na cheo. Hapo anapata matamshi ya jina na kiwango cha sauti kwa pamoja. Mgeni akiongea, mwanahabari aitikie kwa kichwa tu. Zile "mmh" na "sawa sawa" haziondoki zikishalaliana na jibu. Mwalimu mkuu akitaka maswali mapema, mpeni mada. Maswali yenyewe yabaki daftarini, la sivyo atawasomea hotuba.

Maandishi ya kusoma nayo: kama maneno 110 hadi 120 kwa dakika bila haraka. Sentensi ndefu za gazetini humkata msomaji pumzi, basi zivunjeni.

Kwa uhariri, programu ya Audacity inatosha, nayo ni ya bure. Ondoa mngurumo ulio chini ya hezi 80, weka ukubwa wa sauti kwenye LUFS -19 (LUFS ni kipimo cha sauti inavyosikika kwa wastani), toa MP3, faili lililobanwa, ya mono kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 10 hazitafika megabaiti 5, na mzazi mwenye bando dogo ataipakua.

Kabla ya kutoa chochote nje ya shule, pata idhini ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi kwa taarifa za watoto. Na akija mtu kukuuzia kitransmita cha FM cha "redio ya shule", mwambie hapana. Bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Spika za gwaride zinatosha.

Zile pesa basi: kwanza hedifoni za kufunika masikio, kwa sababu anayerekodi bila kusikiliza anabahatisha. Halafu blanketi. Kikibaki kitu, maiki ya dainamiki, aina isiyonasa sana sauti za mbali, ya USB ya kuchomeka kwenye kompyuta ya maabara.

Nitumie rekodi moja ambayo hamjaihariri, nisikie chumba kilivyo. Iambatishe kama hati kwenye WhatsApp, usinielekezee simu kwenye spika.

Ni mimi,
Babako