Maswali ya Wasomaji: Kubadili Meni Swichi Wakati Juu ya Bati Kuna Sola

SWALI: Shikamoo fundi. Mie niko Raskazone, Tanga, nyumba ya marehemu baba, meni swichi yetu ni ile ya zamani ya fyuzi za kufunga waya. Tumeshaweka sola, paneli nane, inveta ya kilowati 5 na betri, umeme ukikatika taa na friji vinaendelea. Sasa nataka boksi jipya la breka. Fundi wa kwanza kasema kazi ndogo, anazima LUKU anabadilisha. Wa pili kasema lazima paneli zote zishushwe kwanza, na hiyo ni hela nyingine. Nimshike yupi?
Mama Zuhura

JIBU: Marahaba Mama Zuhura. Kwa maelezo hayo usimpe kazi hata mmoja, na huyo wa kwanza ndo ananitisha zaidi.

Nyumba yako ina umeme wa sehemu tatu: TANESCO, betri na jua. Ukizima LUKU inveta inaona umeme umekatika, inafanya kile ulichoinunulia, inawasha taa na friji kwa betri, yaani fundi yuko ndani ya boksi anaamini kila kitu kimekufa kumbe zile laini za taa na friji zina volti 230 kamili na nyutro zake zimechanganyikana na nyingine mlemle. Watu wanafia hapo. Afu kumbuka hata meni swichi ikizimwa, waya unaotoka mita kuingia pale juu bado una moto, kuukata huo ni kazi ya TANESCO, sili ya mita haiguswi na fundi wa mtaani.

Wa pili anakuongezea gharama bure. Waya za paneli zinaishia kwenye inveta, haziingii kwenye boksi la breka, kwahiyo paneli zibaki juu zilipo. Kinachotakiwa ni kuzima kwa mpangilio: breka ya inveta upande wa AC (umeme wa nyumba, kama wa TANESCO) kwanza, inveta yenyewe, afu aisoleta ya DC ya paneli, yaani swichi ya kukata umeme wa paneli (DC ndo umeme wa paneli na betri), afu breka ya betri, asubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha inveta maana ndani kuna kapasita zinazobaki na chaji, afu apime kwa testa kila waya kabla hajagusa. Na asichomoe konekta za paneli wakati inveta inafanya kazi. Paneli moja inatoa kama volti 40 hadi 50, nane zikifuatana kwenye laini moja ni volti 320 hadi 400 za DC. Umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kila sekunde, ndo maana cheche yake inakatika upesi, wa DC haupiti sifuri kabisa, cheche ikianza inaendelea kuwaka na inaunguza nyumba.

Sasa boksi lenyewe. Watu wengi wananunua lolote la bei nafuu dukani, na mi hapa nasisitiza sana. Inveta ya kilowati 5 inatoa kama ampea 22, hiyo ipewe breka yake peke yake ya 32A, isichangie RCD (ile swichi inayokata umeme ukivuja) na soketi za jikoni. Na ukiona RCD au breka imeandikwa upande mmoja "in" na mwingine "out" au ina mishale, hiyo sio ya kuweka kwenye laini ya inveta, kwa sababu pale umeme unaweza kutokea pande zote mbili na ya namna hiyo inaweza kuungua ndani ikaacha kukulinda bila we kujua. Dai inayoruhusu pande zote. Ile busiba, yaani kipande cha shaba kinachogawa umeme kwa breka, nayo ihesabiwe, ampea 63 za TANESCO ukijumlisha 22 za sola ni 85, so chukua boksi lenye busiba ya 100A.

Taa na friji zinazolishwa na inveta ziwe na kiboksi chao pembeni na nyutro yao isiguse nyutro ya upande wa TANESCO, zikigusana RCD itakuwa inaruka ovyo au isiruke siku umeme unavuja. Mwambie pia apime ethi wakati inveta inatumia betri. Huku kwetu pwani klipu ya nondo ya ethi inaliwa na chumvi, kwa macho inaonekana ipo kumbe haishiki kitu, klipu mpya haina gharama.

Kuna ile klampu ndogo ya inveta ya kupimia umeme, iliyovishwa kwenye waya mkubwa, ina mshale. Apige picha kabla hajaitoa. Ikirudishwa kinyume inveta itasoma mambo upside-down, itasukuma umeme kwenye mita, na mita nyingi za luku zinahesabu umeme unaotoka kama umeutumia, yuniti zinaisha na jua linawaka.

Tafuta mwenye leseni ya EWURA, muulize umeme wa nyumba hii unatoka wapi na wapi. Akitaja LUKU tu, mshukuru aende.

SWALI: Mi niko Pongwe, sola yangu haina betri. TANESCO wakikata nayo inazima mchana kweupe. Mbovu?

JIBU: Nzima kabisa. Inveta ya namna hiyo inatakiwa izime, la sivyo ingerudisha umeme kwenye nguzo akamuua fundi anayetengeneza laini. Asikushawishi mtu aifungue "isizime", ukitaka umeme wakati wa mgao nunua inveta ya haibridi (inayotumia jua, betri na TANESCO) na betri.